Oili Inayovuja Mbele ya Injini: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Sili

Siku zote mkinisikia hapa huwa nazungumza habari za funza wa vitumba, kupanda kwa mistari, na kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Leo naomba tuache shamba kidogo, twende tukachungulie chini ya gari.

Labda utauliza, Bwana Shamba na injini wapi na wapi? Mimi kazi yangu ni Ukiriguru, na Ukiriguru watu wanaijua kwa mbegu za pamba, siyo kwa spana. Lakini nikitembelea vijiji naona pikapu ya zamani imeshakuwa chombo cha shamba kama lilivyo jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ndiyo inayopeleka pamba ghalani kwa chama cha msingi, ndiyo inayoleta mbolea, ndiyo inayopeleka mchele Katoro kwa wachimba dhahabu, na usiku mtu akizidiwa ndiyo inayomfikisha hospitali. Nyingi tunazinunua zimeshachoka. Mchimbaji akikosa mawe kwenye shimo lake anauza gari, mkulima aliyepata bei nzuri ya mpunga anainunua, na ile oili inayodondoka mbele anaambiwa, "Hiyo ni kawaida ya gari la zamani, wewe ongeza tu."

Siyo kawaida. Na jambo hili nalisema nikiwa mtu aliyekosea.

Kuna kikundi cha wakulima sita upande wa Kishapu waliochanga fedha wakanunua Toyota Hilux ya petroli, yenye ile injini iitwayo 22R ya lita 2.4, ambayo Toyota walianza kuiweka kwenye pikapu hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikuwa nimekwenda kwao kukagua pamba. Tulipomaliza, mzee mmoja akaniambia, "Bwana Shamba, wewe umesoma. Hebu tuangalizie hili gari letu, linakojoa oili." Nikainama, nikaona sampu yote imelowa, puli ya krenki imelowa, na matone yanaanguka hapo hapo chini ya puli. Nikasimama, nikajipangusa mikono, nikasema kwa sauti ya mtaalamu: sili ya krenki imekwisha, nunueni mpya.

Wakanunua, fundi wa kijijini akaifunga. Baada ya siku chache oili ikarudi kama zamani. Nikawaambia huenda wameuziwa sili bandia. Wakanunua ya pili, ya bei kubwa zaidi. Ikavuja vile vile. Basi wakazoea kuongeza oili kila asubuhi, mpaka siku moja gari lilipokuwa likirudi kutoka Katoro na mchele ambao haukuisha sokoni. Walipokaribia Masumbwe, taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva, Mungu ambariki, alizima injini pale pale pembeni mwa barabara. Kijiti cha kupimia kikatoka kikavu. Walilala njiani usiku mbili wakilinda magunia, na kwa mama mmoja wa kikundi hicho fedha ya mchele ule ndiyo iliyokuwa ada ya mtoto.

Nilipopata habari hizo sikulala vizuri. Nikaomba ruhusa, nikalifuata gari Kahama, ambako walikuwa wamelivutia kwa fundi mmoja mzee. Haya nitakayowaeleza leo nimeyapata kwake, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye ili nisirudie kosa.

Fundi yule hakugusa spana kwanza. Aliomba mafuta ya taa, brashi, sabuni ya unga na ndoo ya maji. Akaniuliza, "Kijana, wewe ng'ombe akiwa na damu mguuni, unafunga mguu au unatazama kidonda kiko wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndugu mkulima, shika jambo hili kuliko mengine yote: mahali oili inapodondokea siyo mahali inapotokea. Oili inateremka. Inatoka juu, inafuata ukingo wa kava, inaingia nyuma ya puli, inafika kwenye sampu, na hapo ndipo unapoiona. Tena gari likitembea, feni na upepo wa njiani vinaisukuma nyuma, na puli inayozunguka inairusha kila upande. Kwa hiyo gari lililovuja miezi sita limelowa kila mahali na halikuambii kitu. Vumbi letu hili la huku nalo linagandia juu yake mpaka injini inakuwa kama ukuta uliokandikwa udongo.

Basi anza kwa kuosha. Injini iwe imepoa. Ondoa waya mmoja wa betri, funika jenereta ya gari na distribyuta kwa mfuko wa nailoni, kisha sugua mbele yote ya injini kwa brashi na mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana cheche moja tu yatosha kukuunguza wewe na gari. Halafu osha kwa maji ya sabuni, acha ikauke kabisa. Kabla ya kuendelea, hakikisha kinachovuja ni oili ya injini kweli. Magari yenye usukani wa pampu yana mafuta mengine, mengi ni mekundu na mepesi, na pampu yake iko huko huko mbele. Nimeshasikia mtu aliyefungua injini nzima kumbe mpira wa usukani ndio uliopasuka.

Ikishakauka, chukua poda ya mtoto, au unga mkavu wa muhogo ulioukung'uta vizuri kwenye kitambaa, upulize mbele ya injini kuanzia juu hadi chini mpaka iwe nyeupe. Washa injini iunguruma taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano, wewe ukiwa mbali na feni, na nguo zisizoning'inia. Kisha zima, chukua tochi, tazama. Oili itakuwa imechora njia nyeusi kwenye ule weupe. Fuata njia hiyo kupanda juu, mpaka ufike mahali ambapo juu yake kuna weupe mtupu. Hapo ndipo penye kidonda. Ikiwa huoni kitu, endesha gari kilomita tano au kumi, urudi utazame tena, kwa sababu kuna mivujo ambayo haitoki mpaka oili ipate moto ikawa nyepesi.

Kwenye ile Hilux tuliona michirizi miwili. Mmoja ulianza juu kabisa, chini ya kava ya tapeti. Mwingine ulianza nyuma ya pampu ya oili. Kwenye sili yenyewe, ile niliyowanunulisha mara mbili, palikuwa pakavu.

Hapa nieleze kidogo, maana injini hizi za 22R bado ziko nyingi vijijini. Juu, kwenye ncha ya mbele ya kichwa cha injini, chini ya kava ya tapeti, kuna kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi. Kinaziba tundu lililo mbele ya kamshafti. Miaka ikipita mpira huo unakauka na kuwa mgumu kama ukwato, oili inapita pembeni yake na kuteremka juu ya kava ya cheni mpaka kwenye puli. Mtu akitazama chini anasema sili. Na huko chini, pampu ya oili ya injini hii imefungwa mbele kabisa, krenki inapita katikati yake, na sili ya krenki imeingizwa ndani ya pampu hiyo. Nyuma ya pampu, pale inapokutana na kava ya cheni, kuna pete kubwa ya mpira ambayo mafundi wanaiita oringi. Fundi akiwa na haraka anachokoa sili kwa bisibisi, anapiga mpya, anaondoka, na ile pete inabaki ya tangu gari lilipotoka kiwandani. Tulipoitoa sisi ilikuwa imebonyea bapa, na ilikatika kama tambi mbichi.

Lakini fundi yule hakuridhika. Akasema kuna kitu kimezisukuma. Akaniambia niwashe injini, nifungue kifuniko cha kujazia oili, niweke kiganja juu ya tundu. Nikahisi pumzi inanisukuma mkono kwa nguvu, na kijiti cha kupimia kikaanza kupanda chenyewe.

Hili la kupumua wakulima wengi hawalijui, na mafundi wengi hawalitazami. Ndani ya injini kuna hewa inayopenya pembeni mwa pistoni kila inapowaka. Hewa hiyo lazima ipate njia ya kutoka. Ndiyo maana kuna mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kava ya tapeti, na kwenye injini nyingi za petroli kuna kivalvu kidogo katika njia hiyo. Kikiziba kwa masizi na tope la oili, hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila sili na kila gasketi iliyo dhaifu. Ukibadilisha sili bila kuzibua pumzi, umebadilisha mlango wa mwizi tu, kesho atapita dirishani. Chomoa kile kivalvu, kioshe kwa mafuta ya taa, kitikise sikioni: kikiwa kizima utasikia kinagonga-gonga ndani. Kikikaa kimya baada ya kuoshwa, nunua kingine, bei yake ni ndogo. Mpira wake nao upulize kwa mdomo ujue kama uko wazi. Cha kwetu kilikuwa kimeziba kabisa kwa tope jeusi.

Basi ukishaosha na kutazama, jaribu kwanza yale yasiyo na gharama. Pima oili gari likiwa mahali pa tambarare, maana iliyozidi alama ya juu nayo husumbua. Injini ile ya 22R pamoja na filta yake inachukua lita 4.3, siyo galoni nzima mpaka ifurike. Zibua pumzi. Kaza bolti za kava ya tapeti taratibu, kidogo kidogo, kwa zamu. Usizikaze kwa hasira, kava za bati zinapinda na mvujo unazidi. Angalia filta ya oili kama imekazwa na kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia pale. Angalia na ile swichi ndogo ya taa ya oili, nayo huvuja kupitia katikati yake. Kisha osha tena, paka poda tena. Kwa wengine kazi itaishia hapo, bila hata kununua kitu.

Ikithibitika kuwa ni sili ya krenki kweli, basi kazi ni hii. Magurudumu ya nyuma yawekewe mawe, na gari likiinuliwa lisimame juu ya vigogo au stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia chini yake. Ondoa mikanda ya feni, na ikibidi toa rejeta upate nafasi. Fungua bolti ya katikati ya puli. Kuna watu wanaifungua kwa kuegemeza spana kwenye chesisi na kupiga stata. Mimi siwashauri, spana ile ikiruka inavunja mkono. Weka gia kubwa, mwenzako akanyage breki, tumia spana ndefu. Puli itolewe kwa kivuta puli. Usiipige nyundo ukingoni, kwa kuwa puli nyingi zina mpira katikati, na ukiugonga unaachia.

Sili ya zamani ichokoe polepole bila kukwaruza ukuta wa nyumba yake. Kabla hujaweka mpya, chukua ile puli, pitisha ukucha kwenye shingo yake, pale ambapo mdomo wa sili unasugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Kuna bomba jembamba la chuma linalouzwa kwa ajili ya kuvika shingo hiyo. Likikosekana, fundi anaweza kuisukuma sili isiingie hadi mwisho, ibaki nje kidogo, ili mdomo wake ukae mahali pasipochimbika. Ni mbinu ya zamani na inafaa, alimradi sili imekaa sawa pande zote. Paka oili kwenye mdomo wa sili, igonge taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na sili yenyewe. Usigonge upande mmoja kwa nyundo, itakaa mshazari.

Kwa 22R, kama umefika hapo, usirudishe puli kabla hujatoa pampu na kubadilisha ile pete. Ukisharudisha pampu, ile bolti yake ya juu ipakwe gundi ya gasketi kwenye nyuzi. Pampu ijazwe oili kabla ya kufungwa, isianze kazi ikiwa kavu. Na hapa niseme juu ya gundi: mafundi wetu wanaipenda kupita kiasi. Inayotokeza nje ni uchafu tu, lakini inayotokeza ndani inakatika, inaanguka kwenye sampu, inaziba chujio la pampu. Ukiona fundi anapaka kama anayekandika nyumba, mzuie.

Sasa ninyi wenye dizeli. Hilux nyingi za dizeli, zile za injini za 2L, 3L na 5L, hazina cheni mbele. Zina mkanda wa mpira ndani ya kava, unaozungusha kamshafti na pampu ya dizeli. Humo ndani kuna sili ya krenki na sili ya kamshafti. Moja ikivuja, oili inalowesha mkanda, na mpira ukilowa oili unavimba, unaacha meno. Mkanda ukikatika safarini, valvu zinagongana na pistoni, na hapo huzungumzii tena bei ya sili, unazungumzia kichwa cha injini. Kwa kawaida mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini ukiona oili inatoka chini ya kava yake usihesabu kilomita. Kazi hii usiifanye mwenyewe chini ya mwembe. Mpelekee fundi anayejua kuoanisha alama za taimingi, na mwambie abadilishe mkanda na sili zote siku hiyo hiyo.

Nitaulizwa, gari likivuja kidogo tu, je, nisubiri niuze pamba kwanza? Tone moja moja usiku kucha, ukiwa unapima oili kila asubuhi, unaweza kusubiri. Lakini kama oili inafika kwenye bomba la moshi, usisubiri. Bomba lile linapata moto mkali, na wewe nyuma umepakia pamba. Mnajua wenyewe pamba ikishika moto inavyokwenda. Na taa nyekundu ikiwaka, zima papo hapo kama alivyofanya dereva wetu. Usiseme nifike kwanza Kahama. Tena wapakiaji wasishike pamba kwa mikono iliyotoka kwenye injini, maana pamba safi yenye doa la oili itageuka fifi mbele ya mzani.

Oili chafu uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Isimwagwe kando ya lambo wala kwenye mfereji unaokwenda majarubani. Muulize mwenye gereji mjini, wapo wanaoikusanya.

Gari la wale ndugu sita lilifungwa siku ile ile: kivalvu kipya, pete ya pampu na mipira ya nusu mwezi. Injini ilinusurika, krenki haikugusa. Jioni tukalisukuma juu ya katoni jeupe lililopasuliwa, tukaliacha hapo hadi asubuhi. Kulipokucha wazee wawili walifika mapema kuliko mimi, wamepiga magoti wanalikagua katoni. Lilikuwa na tone moja tu, la maji ya rejeta, na hilo fundi alilimaliza kwa kukaza klipu.

Bei ya sili zile mbili nililipa mimi, kwa awamu tatu. Mzee aliyeniita siku ya kwanza alikataa fedha ya sili ya kwanza, akasema hiyo ni ada ya wote kujifunza. Ya pili aliipokea.

Juma lijalo tutarudi shambani, tuzungumze kuhifadhi choroko. Kwaherini.